Uingereza kwa Mgeni: Mwongozo wa Nchi ya Desturi Zisizoandikwa

Nchi moja, mataifa manne

Kiswahili kina neno moja, Uingereza, kwa vitu viwili. Cha kwanza ni England, yenye mji wa London. Cha pili ni dola nzima, yaani Ufalme wa Muungano, wenye mataifa manne: England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Muungano huo ulijengwa kwa hatua. Wales ilikuwa tayari chini ya England pale mabunge ya England na Uskoti yalipounganishwa mwaka 1707. Ireland ikaingia mwaka 1801, na sehemu yake kubwa ikajitoa mwaka 1922.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mwenyeji wa Glasgow ni kubwa. Mskoti akiitwa “English” huumia kama Mzanzibari anayeambiwa kwamba kwao ni Bara. Neno la salama ni “British”, ambalo huwabeba wote, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, ambako wakazi wengi hujihesabu kuwa watu wa Ireland.

Dola hii huendeshwa kwa sheria zilizoandikwa na pia kwa mazoea ambayo hayakuandikwa popote, lakini kila mtu huyafuata. Sheria mgeni huzisoma kwenye mabango. Mazoea ndiyo humpa tabu, kuanzia Bungeni hadi kituo cha basi.

Kabla ya safari

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huhitaji viza. Viza ya matembezi kwa kawaida humruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Fomu hujazwa kwenye intaneti, kisha mwombaji hufika kwenye kituo cha maombi kupigwa picha na kutoa alama za vidole.

Viza hiyo kwa kawaida haimruhusu mtu kuingia Jamhuri ya Ireland, na hapo pana mtego. Basi la kutoka Belfast kwenda Dublin mara nyingi huvuka mpaka bila kizuizi wala afisa yeyote kuonekana. Sheria ipo palepale, na abiria asiye na ruhusa ya Ireland huwa ameivunja kabla hajatambua kwamba amevuka.

Plagi za ukutani ni zilezile za pini tatu zinazotumika Kenya, Tanzania na Uganda, na magari hupita kushoto. Saa ndizo hubadilika: majira ya baridi London huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba huwa nyuma kwa saa 2. Miadi nayo inahitaji masikio mawili. Mwenyeji akisema “half seven” jioni, ana maana ya saa moja na nusu kwa hesabu ya Kiswahili.

Huduma ya taifa ya afya, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, na wakazi hawatozwi fedha wanapomwona daktari. Mgeni wa matembezi hutibiwa akipata dharura, lakini akilazwa hospitalini huweza kupewa bili kubwa, hivyo bima ya safari si jambo la kuachwa. Kwa dharura ya polisi, zimamoto au gari la wagonjwa namba ni 999; kwa ushauri wa afya usio wa dharura huko England, Uskoti na Wales ni 111.

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki au simu kwenye mashine iliyo karibu na dereva. Kwenye treni za chini ya ardhi abiria hugusisha anapoingia na tena anapotoka, kwa kadi ileile. Asiyegusisha anapotoka hutozwa nauli ya juu kabisa.

Katiba isiyo kitabu

Msomaji aliyezoea kufungua Katiba ya Tanzania ya 1977 au ya Kenya ya 2010 na kutafuta ibara hatakuta kitabu cha namna hiyo Uingereza. Kuna nyaraka nyingi za zama mbalimbali: Magna Carta ya 1215, Sheria ya Haki ya 1689, Sheria za Bunge za 1911 na 1949, Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998. Nakala 4 za Magna Carta ya 1215 zimesalia hadi leo. 2 kati yake ziko katika maktaba ya British Library, jirani na kituo cha treni cha King’s Cross, ambako kuingia ni bure. Nyingine ni za makanisa makuu ya Lincoln na Salisbury.

Yasiyomo katika nyaraka hizo hushikiliwa na desturi. Mfalme Charles III, aliyerithi kiti tarehe 8 Septemba 2022, ndiye mkuu wa nchi, na muswada hauwi sheria bila ridhaa yake. Mara ya mwisho mtawala kukataa kuridhia muswada ilikuwa mwaka 1708, wakati wa Malkia Anne. Hakuna sheria iliyomnyang’anya mfalme uwezo huo. Umekufa kwa kutotumika. Waziri Mkuu naye hapigiwi kura na nchi nzima. Wananchi huchagua wabunge wa majimbo yao, kisha Mfalme humwita kiongozi anayeweza kuungwa mkono na wengi wa wabunge hao. Hata siku ya uchaguzi mkuu kuwa Alhamisi, kama ilivyokuwa tangu mwaka 1935, ni mazoea tu.

Kuingia Bungeni

Bunge liko Westminster, kando ya mto Thames. Jengo la zamani liliteketea kwa moto mwaka 1834, na linaloonekana leo ni kazi ya wasanifu Charles Barry na Augustus Pugin. Mnara wa saa una urefu wa mita 96 na tangu mwaka 2012 unaitwa Elizabeth Tower. Big Ben ni jina la kengele kubwa iliyo ndani yake.

Sehemu iliyookoka moto ni Westminster Hall, ukumbi ulioanza kutumika mwishoni mwa karne ya 11. Humo ndimo Mfalme Charles I alimohukumiwa kifo mwaka 1649, na humo ndimo ulimowekwa mwili wa Malkia Elizabeth II mnamo Septemba 2022, watu wakipanga foleni ya kilomita nyingi kando ya mto. Wengi wao walisimama zaidi ya saa 12, usiku kucha, ili wapite mbele ya jeneza kwa dakika chache.

Mabaraza ni mawili. Baraza la Makabwela lina wabunge 650 wa kuchaguliwa na viti vya kijani. Baraza la Malodi lina viti vyekundu, na wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi. Ukumbi wa Makabwela ni mdogo kuliko mgeni anavyoutarajia: hauna nafasi ya kuwaketisha wabunge wote, na siku za mjadala mkali wengine husimama mlangoni. Serikali na upinzani hukaa wakitazamana, na kwenye zulia, mbele ya kila upande, umechorwa mstari mwekundu ambao msemaji haruhusiwi kuuvuka. Kati yao, mezani, huwekwa siwa. Mtanzania atalitambua umbo hilo mara moja, kwa kuwa siwa, Spika na viti vya kambi mbili vilifika Afrika Mashariki kutoka ukumbi huu.

Kupiga kura ni kwa miguu. Kengele hulia, na wabunge huwa na dakika 8 za kufika kabla milango haijafungwa. Kisha wanaokubali hupita katika ujia mmoja na wanaokataa katika mwingine, wakihesabiwa. Baadhi ya baa za jirani zimefungiwa kengele hiyohiyo, na mgeni anayekula hapo huweza kuona meza zikiachwa ghafla.

Kuketi kwenye roshani ya wageni na kusikiliza mjadala ni bure. Watu hupanga foleni kwenye lango la Cromwell Green na kukaguliwa kama uwanja wa ndege. Maswali kwa Waziri Mkuu ni Jumatano saa sita mchana, na wenye tiketi hutangulizwa. Asiye na tiketi hupata nafasi kwa urahisi zaidi alasiri au siku nyingine. Ziara ya kutembezwa ndani ya jengo hulipiwa, na hufanyika Jumamosi nyingi na siku ambazo Bunge liko mapumzikoni.

Mahakamani

Upande wa pili wa bustani ya Parliament Square, penye sanamu za Winston Churchill, Nelson Mandela, Mahatma Gandhi na mtetezi wa haki za wanawake Millicent Fawcett, iko Mahakama ya Juu. Ilianza kazi Oktoba 2009. Kabla ya hapo rufaa za mwisho zilisikilizwa na majaji walioketi katika Baraza la Malodi. Kuingia na kusikiliza kesi ni bure. Mahakama ya jinai ya Old Bailey nayo huwapokea wasikilizaji, lakini huwakatalia watoto wadogo na haimruhusu mtu kuingia na simu.

Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini

Tangu mwaka 1999 Uskoti na Wales zina mabunge yao kwa mambo kama elimu na afya. Bunge la Uskoti, Holyrood, lina wajumbe 129 na liko mkabala na kasri la mfalme mjini Edinburgh. Kuingia ni bure. Uskoti ina mfumo wake wa sheria na mahakama, na benki zake 3 huchapisha noti. Noti hizo ni pauni kamili, lakini wauzaji wengi wa England husita kuzipokea, hivyo ni busara kuzitumia kabla ya kuondoka.

Wales mgeni huitambua kwa macho. Kila bango lina lugha mbili, na barabarani neno ARAF, yaani polepole, limepakwa rangi nyeupe kando ya lile la Kiingereza. Wazungumzaji wa Kiwelshi wamepigania lugha yao kwa vizazi, na “diolch”, yaani asante, humfurahisha mwenyeji.

Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, ni mji mkarimu wenye kidonda kibichi. Mapigano ya miaka 30 yalikomeshwa na Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, lakini kuta ndefu bado zinatenga mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, na baadhi ya mageti yake hufungwa usiku. Michoro ya ukutani inaweza kutazamwa na kupigwa picha. Kumuuliza mtu dini yake, au kuvaa jezi ya Celtic au Rangers, timu za soka ambazo ushabiki wake hufuata mgawanyiko huo, katika mtaa usioujua, ni mambo ya kuepukwa.

Adabu za kila siku

Foleni ndiyo desturi inayolindwa kwa wivu kuliko zote. Hupangwa kituoni, dukani, hata pale ambapo hakuna kamba wala bango. Kaunta ya baa huonekana kuwa vurugu, watu wamejipanga kwa upana. Lakini kila mmoja anajua aliyemtangulia. Mhudumu akimgeukia aliyefika karibuni, huyo humwonyesha kwa mkono jirani yake: yeye kwanza. Anayenyamaza na kuagiza hatagombezwa. Atatazamwa, na mtazamo huo ndio adhabu. Kwenye ngazi za umeme za London anayesimama hukaa kulia, na kushoto huachwa kwa wanaopanda kwa haraka.

Salamu ni fupi. “You all right?” ni pacha wa “Hujambo”: jibu lake limepangwa tayari, na hata mgonjwa hujibu kuwa ni mzima. Muuzaji wa duka akiuliza hivyo, maana yake ni “nikusaidie nini?” Maneno ya kuomba radhi, tafadhali na asante hutumika pia kwa jambo dogo kabisa, na kuyaacha huhesabiwa ufidhuli.

Mwaliko nao una kanuni. “Lazima uje kula kwetu siku moja” ni maneno ya upole. Yanageuka mwaliko pale tarehe inapotajwa. Kupiga hodi nyumbani kwa mtu bila kumwarifu humtia wasiwasi. Baani marafiki hununuliana vinywaji kwa zamu, na asiyekunywa pombe huagiza soda na kushika zamu yake kama wengine. Mkahawani hutolewa bakshishi ya takriban asilimia 10, isipokuwa kama ada ya huduma tayari imo kwenye bili. Jumapili maduka makubwa ya England na Wales hufunguliwa kwa saa 6 tu, aghalabu kuanzia saa nne au saa tano asubuhi.

Kwa wapenzi wa soka, tiketi hununuliwa kwa klabu yenyewe. Kuuza tiketi za mechi bila idhini ni kosa la jinai. Shabiki wa timu ngeni hakai jukwaa la wenyeji akiwa na jezi yake.

Watu, dini na chakula

Kanisa la England ni kanisa rasmi la England na maaskofu wake 26 huketi katika Baraza la Malodi, lakini sensa ya 2021 ilionyesha kuwa Wakristo wamepungua chini ya nusu ya watu wa England na Wales. Waislamu walikuwa asilimia 6.5. Msikiti wa Woking, wa kwanza kujengwa nchini kwa ajili hiyo, ulifunguliwa mwaka 1889, na chakula cha halali hupatikana katika kila mji mkubwa.

Alama za Afrika Mashariki ni nyingi kwa anayezitafuta. Lancaster House, karibu na kasri la Buckingham, ndipo zilipofanyika mikutano ya katiba ya Kenya kati ya 1960 na 1963. Huonekana kwa nje. Maktaba ya chuo cha SOAS, karibu na British Museum, imehifadhi miswada ya kale ya tungo za Kiswahili. Na katika mji wa Leicester, ambako Waasia wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walianza maisha upya, orodha za vyakula mikahawani zina “mogo”. Ni muhogo, uliokaangwa na kunyunyiziwa pilipili, ukiwa bado na jina lake la pwani.