Kazi ya Kiungo na Safari ya Victor Wanyama



Katika gazeti la muhula uliopita tulisoma juu ya ufugaji wa nyuki na juu ya hesabu za riba. Muhula huu Mhariri amenipa kurasa hizi niandike juu ya kandanda. Nawaomba radhi wale walimu wanaoona kwamba kandanda si somo, ila nawaomba pia wanivumilie, kwani ndani yake mna jiografia, mna hesabu, na mna sheria. Nimemchagua Bwana Victor Mugubi Wanyama wa Kenya, ambaye alicheza nchi za ng'ambo kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi. Sikumchagua kwa wingi wa magoli yake, maana hakufunga mengi. Nimemchagua kwa kuwa alikuwa kiungo, na kiungo ndiye mchezaji ambaye watazamaji wetu hapa Chemba hawaijui kazi yake. Mimi mwenyewe nacheza nafasi hiyo katika timu ya shule, nami nimekwisha kuulizwa mara nyingi, "Wewe leo ulikuwa uwanjani kweli?"

Kiungo wa mwili ni mahali mfupa mmoja unapokutana na mwingine, kama goti au kiwiko. Goti likiwa zima hakuna anayelitaja. Likiuma, mtu mzima hushindwa kutembea. Ndivyo ilivyo kwa kiungo wa kandanda. Yeye husimama kati ya mabeki na washambuliaji. Mpira ukipotea mbele, yeye ndiye wa kwanza kuuziba njia. Mpira ukipatikana nyuma, yeye ndiye wa kwanza kuupokea na kuamua uende kushoto, kulia, au urudi kwa beki. Kiungo mkabaji, ambaye siku hizi huitwa namba sita, aghalabu hukimbia kwenda mahali ambapo mpira haujafika bado. Akifika mapema, adui hupeleka mpira kwingine, na mtazamaji hudhani kwamba hakuna lililotendeka.

Mfano mzuri ni mchezo wa tarehe 7 Novemba, 2012, mjini Glasgow, Celtic ya Uskoti ilipokutana na Barcelona ya Hispania katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Barcelona walikaa na mpira zaidi ya asilimia 80 ya muda wote. Fikirini, ndugu zangu, kucheza dakika tisini huku mpira hamna! Kazi ya viungo wa Celtic usiku ule ilikuwa kuziba katikati, ili Messi na wenzake wapitishe mpira pembeni tu. Kisha katika dakika ya 21 Celtic walipata kona, Charlie Mulgrew akaipiga, na Wanyama akaruka juu ya wote akaupiga mpira kwa kichwa ukaingia wavuni. Alikuwa na umri wa miaka 21. Kijana mwingine, Tony Watt, akaongeza la pili, na Messi akarudisha moja wakati mchezo umekwisha kuingia dakika za nyongeza. Celtic walishinda 2 kwa 1. Watu wengi hukumbuka kile kichwa. Mimi, nilipouangalia mchezo ule katika simu ya mjomba wangu wakati wa likizo, niliziangalia zaidi zile dakika nyingine, nikaona jinsi alivyokuwa akirudi, akirudi, akirudi tena.

Sasa tuitazame njia aliyopita hadi kufika pale, maana hapo ndipo vijana wenzangu hukosea kuielewa.

Alizaliwa Nairobi, mtaa wa Muthurwa, tarehe 25 Juni, 1991. Baba yake, Mzee Noah Wanyama, alikuwa mchezaji wa AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, alimtangulia Ulaya; alichezea Helsingborg ya Uswidi, kisha Parma na Inter Milan za Italia. Dada yao Mercy ni mchezaji wa mpira wa kikapu. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa kama nyumba ya wahunzi, ambamo mtoto hukua akisikia nyundo. Victor alianza na timu za vijana za Nairobi, akapita Nairobi City Stars na AFC Leopards, na mwaka 2007 aliitwa timu ya taifa ya Kenya akiwa hajatimiza miaka 16. Akamfuata kaka yake Helsingborg katika timu ya vijana. Mariga alipohamia Italia, Victor alirudi nyumbani Kenya. Jambo hili la kurudi nyumbani husahauliwa sana na wanaosimulia habari zake.

Mwaka 2008 akachukuliwa na Germinal Beerschot ya mji wa Antwerp, Ubelgiji, klabu ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia. Alikaa huko miaka mitatu. Mwaka 2011 Celtic walimnunua kwa paundi 900,000 zilizotangazwa. Akavaa jezi namba 67, kwa heshima ya wale Celtic waliotwaa kombe la Ulaya mwaka 1967. Akapata ubingwa wa Uskoti mara mbili, na Kombe la Uskoti mwaka 2013. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Southampton ya Uingereza walitoa paundi milioni 12.5, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2016 kocha wake wa zamani, Mauricio Pochettino, alimwita Tottenham. Msimu wa kwanza alicheza mechi 36 za ligi na timu ikashika nafasi ya pili. Msimu uliofuata goti lilimwumiza, akakaa nje miezi mingi. Alirudi, na tarehe 4 Februari, 2018, aliingia kama mchezaji wa akiba katika uwanja wa Liverpool, na punde si punde akapiga shuti la mbali ambalo golikipa aliliona tu likipita. Likachaguliwa kuwa goli bora la mwezi huo. Machi 2020 akaenda Montreal, Kanada, ambako kocha alikuwa Thierry Henry, akakaa huko miaka kadha. Mwaka 2025 alirudi Uskoti kuichezea Dunfermline, chini ya Neil Lennon, yule yule aliyekuwa kocha wake Celtic.

Anayechukua ramani na kuunganisha miji hiyo kwa kalamu ataona kwamba njia yake haikuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka Nairobi hadi London. Ni ngazi. Kila kidato alikikanyaga miaka kadha kabla ya kupanda kingine. Ubelgiji ndiyo iliyokuwa kidato muhimu, na si kwake peke yake. Mbwana Samatta wetu alipita Genk ya Ubelgiji kabla ya kwenda Aston Villa mwaka 2020. Novatus Miroshi, kiungo wetu aliyetoka Azam, alipita Israel, kisha Zulte Waregem ya Ubelgiji, akacheza Ligi ya Mabingwa na Shakhtar Donetsk ya Ukraine msimu wa 2023/24, kisha akaenda Göztepe ya Uturuki. Klabu nyingi za Ubelgiji huishi kwa kununua vijana kwa bei nafuu, kuwakuza, na kuwauza kwa bei kubwa. Ni biashara kama ya mfugaji anayenunua ndama mnadani.

Tena kuna mlango ambao uhodari peke yake haufungui. Mwezi Januari na Februari 2010, Mariga alikuwa karibu kujiunga na Manchester City. Uingereza ilitaka nchi ya mchezaji iwe miongoni mwa nchi 70 za kwanza katika orodha ya FIFA, na Kenya haikuwamo. Kibali cha kazi kikawa shida, mpaka Waziri Mkuu wa Kenya wa wakati huo, Bwana Raila Odinga, akaingia kuombea. Muda ukawa umekwisha. Mariga akaenda Inter Milan, ambayo mwaka ule ule ilitwaa ubingwa wa Ulaya. Kwa hiyo mchezaji mmoja aliyekaa Italia alikuwa anabebwa au kuangushwa na matokeo ya timu nzima ya taifa lake. Wanaosema kwamba timu ya taifa ni mambo ya heshima tu, wafikirie hilo.

Na kwa kuwa nimeitaja timu ya taifa, sitaki kuficha kidonda chetu. Tarehe 27 Juni, 2019, mjini Cairo, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Wanyama alikuwa kapteni wa Kenya dhidi yetu. Simon Msuva alitufungia la kwanza, Samatta la pili. Hata hivyo tulifungwa 3 kwa 2. Nilikuwa shule ya msingi bado, na nakumbuka watu walivyoondoka kimya kwenye kibanda cha televisheni. Ajabu ni kwamba miaka miwili kabla yake, mwaka 2017, mtaa mmoja wa Ubungo, Dar es Salaam, ulipewa jina la Wanyama alipokuwa matembezini nchini kwetu. Kibao kikaondolewa upesi. Kwa maoni yangu waliokiondoa walifanya vyema, si kwa chuki, bali kwa sababu tuna watu wetu ambao hata uchochoro hawajapewa.

Nimeahidi hesabu na sheria. FIFA ina kanuni kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hukatwa na kugawiwa klabu zilizomfunza tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 huhesabiwa sehemu 5 katika 100 ya fungu hilo. Kila mwaka kati ya 16 na 23, sehemu 10. Tuchukue zile paundi milioni 12.5 kama zoezi tu. Asilimia 5 yake ni paundi 625,000. Klabu iliyomlea mchezaji mwaka mmoja tu akiwa na miaka 13 ingestahili paundi 31,250. Iliyomlea tangu 12 hadi 15 ingestahili 125,000. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu mjini Paris inayopokea na kugawa fedha hizo, nayo hutazama kumbukumbu: mchezaji alisajiliwa wapi, lini, akiwa na umri gani. Klabu ya kijiji isiyosajiliwa katika chama cha mpira, na isiyokuwa na karatasi, hupita mikono mitupu, hata kama ndiyo iliyomnunulia mtoto viatu vyake vya kwanza.

Kanuni ya pili ndiyo nzito zaidi kwetu sisi tulio bwenini. Kwa kanuni ya 19 ya FIFA, mchezaji haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wake kuhama kwa shughuli zisizohusu mpira. Tangu mwaka 2009 uchunguzi wake umekazwa sana. Basi nitasimulia jambo moja, bila kutaja jina la mtu. Tulipokuwa kidato cha pili, alifika mtu siku ya mnada, amevaa vizuri, akasema anatafuta vijana wa kwenda majaribio Ulaya. Alitaka shilingi laki tatu za pasi na nauli ya kwenda Dar es Salaam. Mzazi wa mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wanne. Jina langu nalo lilikuwa limekwisha andikwa katika orodha yake. Baba yangu alimwuliza swali moja tu: "Barua ya klabu iko wapi?" Yule mtu akasema barua itafuata. Baba akamwambia fedha nazo zitafuata. Mwenzetu aliondoka Oktoba, wiki chache kabla ya upimaji wa kidato cha pili. Alikaa mjini siku ishirini, simu ya yule bwana haikupokewa tena. Alikuwa na miaka 14. Hata kama mtu yule angekuwa mkweli, hakuna klabu ya Ulaya ambayo ingeweza kumsajili. Mwenzetu sasa analima ufuta na baba yake, na kwa ufundi wa mguu alinizidi mbali.

Nimezungumza na mwalimu wetu wa michezo juu ya jambo hili, naye amekubali tufungue daftari. Shule si klabu, haitapata fungu la FIFA. Lakini karatasi ya shule itamsaidia mchezaji na klabu yake ya kwanza kuthibitisha umri na mahali. Daftari litakuwa na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, mwaka wa kuingia timu, nafasi anayocheza, na klabu ya mtaani aliyosajiliwa, kama ipo. Mpaka sasa majina 22 yameandikwa, na 9 kati yao hawana vyeti vya kuzaliwa. Wazazi watakaofika siku ya kufunga shule wanaombwa kuja na nakala ya cheti. Wasichana wa timu ya netiboli na ya kandanda nao waandikishwe. Kapteni wao amekwisha pewa ukurasa wake. Daftari liko ofisi ya michezo, na hufunguliwa kila Ijumaa baada ya vipindi.