Dondoo muhimu: Taa za boti unapowinda aligeta usiku Florida

Kurunzi ni ya kumtafuta aligeta. Haichukui nafasi ya taa za boti. Tangu jua linapozama hadi linapochomoza, boti ya injini inayotembea iwashe nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe inayoonekana pande zote. Kwa boti isiyofika mita 12, hiyo nyeupe iwe angalau mita 1 juu ya zile za rangi na ionekane umbali wa maili 2 za baharini. Kabla ya kuondoka, mtu asimame gatini aitazame: mara nyingi huzibwa na mizigo, au na mwindaji mwenyewe aliyesimama na chusa.

Ukitia nanga, zima za rangi, bakiza nyeupe. Wapo wanaozima zote eti wasimshtue mnyama. Huo ni wazimu, maana boti ya mbio haitakuona. Usimmulike nahodha mwingine usoni.

Ukimmulika aligeta kwa kurunzi, macho yake hung'aa mekundu. Kadiria inchi kati ya macho na pua. Idadi hiyo takriban ndiyo futi za urefu wake. Akishauawa, lebo ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) ifungwe mkiani papo hapo, usingoje kufika nchi kavu.