Mwenendo wa Mnyama na Tiba Yake

Hapa Mwembesongo, kama katika mitaa mingine ya mji wa Morogoro, si ajabu kukuta mbuzi uani, kuku chini ya dirisha na mbwa alalaye mlangoni. Wenye wanyama hao hujua yupi hutangulia kwenye majani na yupi hupenda kupiga pembe. Twayahesabu kuwa mambo madogo ya nyumbani, lakini daktari wa mifugo huyauliza kwanza, kabla hajatoa sindano mkobani.

Sababu ni hii. Mgonjwa wa kibinadamu husema panapomuuma. Mbuzi hasemi, tena huficha maumivu yake, maana porini mnyama dhaifu ndiye awindwaye kwanza. Ajapo mgeni bandani, yule aliyelala kinyonge huinuka na kusimamisha masikio, kana kwamba hana neno. Daktari amtazamaye dakika chache tu aweza kudanganyika. Mwenye mbuzi, aliyemwona tangu jana hacheui, amejitenga na wenzake na kuacha pumba, huyo ndiye shahidi. Basi yatupasa kumweleza daktari tuliyoyaona, wala tusimpe jina la ugonjwa tulilolibuni wenyewe.

Maana mwenendo huonyesha njia, bali haukati shauri. Wamasai wana neno ormilo, yaani ugonjwa wa mnyama kuzunguka-zunguka mahali pamoja kama mlevi. Wataalamu walipouchunguza huko Ngorongoro waliona kwamba kwa kondoo na mbuzi chanzo ni mfuko wa maji ubongoni, utokanao na mayai ya tegu wa mbwa. Mbwa naye humpata tegu huyo kwa kula vichwa vya kondoo wagonjwa. Kwa ng'ombe, mzunguko ule ule umeonekana kutokana na vijidudu viletwavyo na kupe. Mwenye kondoo imempasa kuzika vichwa, mwenye ng'ombe kuogesha mifugo yake. Kuyapambanua hayo kwataka darubini na elimu, kama ile wafundishwayo vijana katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa hapa Morogoro mwaka 1984.

Twataka kukaa zaidi katika kichaa cha mbwa, kwa kuwa hapo kosa la kusoma mwenendo huua watu. Virusi vyake hupita katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, kisha hutoka katika mate. Ndiyo sababu tabia ya mnyama hugeuka. Wengi humngoja mbwa mkali atokwaye na povu, aumaye mawe na vijiti. Huyo yupo. Lakini yupo na wa pili, mpole, nasi twamwogopa huyo zaidi. Mbwa aliyekuwa mchangamfu ajificha gizani, sauti yake imebadilika, taya limelegea, mate yachuruzika, hawezi kumeza. Mwenyewe amhurumia, adhani mfupa umemkwama kooni, atia mkono kinywani autoe. Mkono ule ukiwa na mchubuko, mauti yamepata mlango. Vivyo hivyo mnyama wa porini ajaye mchana kati ya watu bila hofu: wengine hufurahi wakisema amezoea watu, kumbe ni mgonjwa.

Aliyeumwa, au aliyelambwa penye jeraha, apaoshe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Mbwa mwenyewe, kama aweza kufungwa salama, asiuawe kwa hasira, bali aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari aweza kuikomesha chanjo ya mtu. Lakini mtu asikae nyumbani akizihesabu siku hizo. Aanze chanjo kwanza.

Tena kuna jambo ambalo wazazi husahau. Mtoto aliyeumwa aweza kuficha, akiogopa kupigwa kwa kuwa alimchokoza mbwa wa jirani. Jeraha dogo la mguuni lisilo na maelezo na liulizwe kwa upole jioni ile ile, kabla mtoto hajalala.