Dondoo muhimu: Pima sensa ya friji kabla ya kuongeza gesi

Unyevu wa pwani, kama hapa Magogoni, huingia kwenye friji kila mlango unapofunguliwa. Friji ya kujiyeyusha barafu ikianza kuganda ukuta wa nyuma, wengi hukimbilia gesi. Anza na sensa ya joto.

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi. Barafu usiichokonoe kwa kisu, iache iyeyuke yenyewe, kwani bomba la gesi hutoboka upesi. Kisha kagua kiungio cha waya wa sensa: hewa ya chumvi huacha kutu ya kijani kwenye shaba, na kutu hiyo pekee hupotosha kipimo.

Itenganishe sensa, weka mita kwenye omu. Sensa ya kiloomu 10, ambayo hupimwa hivyo kwenye nyuzi 25, husoma karibu 8 chumba kikiwa nyuzi 30. Tumbukiza ncha yake kwenye glasi ya barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, koroga, subiri dakika 5. Kipimo kipande taratibu hadi kati ya 27 na 33. Kikirukaruka, au mita isisome kitu, nunua sensa nyingine ya kiwango kilekile.

Sensa ikiwa nzima, geukia hita ya kuyeyushia barafu na fyuzi yake.