Utani na Uonevu
Somo kwa watu wa kazi na wasimamizi wao, Sikonge

Huku Sikonge, kama kilometa 70 kusini ya Tabora, kazi ya tumbaku hukusanya watu wengi mashambani: wenyeji na wageni, wake kwa waume, wajane, na vijana waliomaliza shule. Wako wachumao majani, wako wayafungao katika vijiti, wako walindao moto wa mabani usiku kucha, na wako wachambuao tumbaku kavu kwa madaraja yake. Na mahali pengi penye kazi ya namna hii yupo mtu mmoja aandikaye majina asubuhi, na alipaye fedha kazi ikiisha. Mtu huyo twataka kusema habari zake leo, kwani mema mengi na mabaya mengi ya kazi hutoka mkononi mwake.

Twajua kwamba somo hili ni zito, na kwamba wako watakaosema halifai kusomwa mbele ya wazee na watoto. Lakini jambo lifanyikalo gizani hupata nguvu kwa kunyamaziwa. Basi na tuseme kwa adabu, lakini tuseme wazi.

1. Jambo lenyewe ni nini?

Siku hizi huitwa unyanyasaji wa kijinsia. Maana yake ni kumfanyia mtu jambo la tamaa ya mwili asilolitaka, kwa neno, kwa mkono, kwa ishara, au kwa maandishi na picha za simu. Kumshika mtu mwilini bila ridhaa yake ni unyanyasaji. Kumsemea maneno machafu juu ya umbo lake mbele ya wenzake ni unyanyasaji. Kumwambia, "Ukitaka kazi, njoo kwangu jioni," ni unyanyasaji, tena ni rushwa, iitwayo rushwa ya ngono.

Aghalabu waonewao ni wanawake na wasichana, lakini si wao peke yao. Wasomao Maandiko wakumbuka habari za Yusufu katika nyumba ya Potifa. Huyo alikuwa kijana mwanamume, mtumwa katika nchi ngeni, na aliyemshika nguo yake alikuwa bibi wa nyumba. Tazameni: mwenye nguvu alikuwa yule aliyeweza kumtia gerezani, na gerezani alimtia kweli. Basi, tukitaka kulielewa jambo hili, tusiulize kwanza nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. Tuulize nani ana uwezo wa kumwumiza mwenzake akikataliwa.

2. Utani una sheria zake

Mtu akishitakiwa kwa jambo hili, neno la kwanza kinywani mwake ni hili: "Nalikuwa nikitania tu." Nasi watu wa njia ya zamani ya misafara twaujua utani. Wanyamwezi walipochukua mizigo kwenda pwani na kurudi, walipata watani njiani, mpaka Wazaramo wa pwani. Utani ule ulikuwa mali ya safari: mgeni alipokelewa kwa maneno ya kuchekesha, na penye msiba mtani alisaidia na kuwafariji wafiwa.

Lakini utani wa kweli una sheria zake, na wazee wazijua. Kwanza, ni wa pande mbili: ukinitania, nami nina haki ya kukutania, wala hutakasirika. Pili, hufanywa mbele ya watu, wala haujifichi nyuma ya nyumba. Tatu, mtani hamwondolei mtani wake chakula chake wala heshima yake.

Sasa pimeni kwa sheria hizo maneno ya msimamizi kwa binti achambuaye tumbaku. Je, binti aweza kumjibu vivyo hivyo mbele ya watu, naye acheke? Je, maneno yale husemwa hadharani, au humngoja awe peke yake? Je, akikataa, kesho jina lake litaandikwa? Kama sivyo, huo si utani. Ni uonevu uliovaa nguo ya utani. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutunga usaha.

Na usaha huo umekwisha kuonekana katika nchi yetu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na kundi la wanafunzi waliojificha nyuma ya jina la Punch, wakibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhihaki wenzao. Wengi waliona ni mchezo wa vijana wasomi. Mwezi wa Februari 1990 msichana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa akiandamwa na kundi hilo, alijiua. Jina lake lajulikana, lakini hatulitaji hapa, kwa heshima ya waliompenda. Twataja habari hii ili mtu yeyote asiseme kwamba dhihaka haina uzito. Waliocheka ukutani pale walikuwa wengi kuliko walioandika, na kicheko chao kilikuwa sehemu ya mzigo alioubeba.

3. Mwenye kushika posho

Katika safari za zamani msafara ulivuka pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako maji na chakula vilikuwa haba. Mpagazi aliyenyimwa posho mahali pale alikuwa hana pa kwenda. Kwa hiyo neno la mnyampara aliyegawa posho lilikuwa na uzito kuliko neno la mtu mwingine, hata kama alilisema polepole na kwa kucheka.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ile imekwisha. Lakini Mgunda Mkali umo bado katika maisha ya watu wengi. Mjane mwenye watoto watatu, ambaye fedha ya kazi ndiyo unga wa nyumba yake, yumo porini. Msichana aliyepelekwa mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu asiowajua, naye yumo porini. Mwanafunzi ambaye mwalimu ameshika alama zake, vivyo hivyo. Mtu wa namna hii akinyamaza asipoguswa kwa wema, msiseme, "Alikubali." Kunyamaza kwa mwenye njaa mbele ya mwenye posho si ridhaa. Ridhaa yapatikana pale tu ambapo mtu aweza kusema hapana, na kesho yake akaja kazini kama kawaida.

Wako pia wasemao, "Ni mavazi yake." Twawajibu: wachambuao tumbaku huvaa nguo kuukuu na kujifunga khanga, nao huonewa. Mwizi akiingia shambani hatuulizi mahindi yalikuwa ya rangi gani.

4. Sheria ya nchi yasemaje?

Wanawake wengi wa nchi hii walidai sheria, nacho Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa mbele katika kudai huko. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria maalum ya makosa ya kujamiiana, iliyoongeza vifungu vipya katika Kanuni ya Adhabu. Kwa kifungu cha 138D, amsumbuaye mwenzake kwa tamaa ya mwili, kwa maneno au kwa vitendo, aweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, tena aweza kuamriwa kumlipa fidia aliyeonewa. Sheria hiyo yawataja hasa wenye mamlaka mahali pa kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yahesabu usumbufu wa namna hii kuwa ubaguzi, na ubaguzi kazini umekatazwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, yamshika mwenye mamlaka adaiye ngono ili atoe kazi, cheo au haki: adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Na mwezi wa Juni 2019 Shirika la Kazi Duniani, huko Geneva, lilipitisha mkataba wa 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba haya ni mambo ya nyumbani.

5. Aliyeonewa afanyeje?

Kwanza, akiweza, aseme hapana kwa neno wazi. Asipoweza kwa hofu, asijilaumu. Pili, amwambie mtu amwaminiye siku ile ile. Tatu, aandike siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, na majina ya waliokuwapo. Ujumbe wa simu asiufute, maana ni shahidi. Nne, aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Neno la rushwa ya ngono alipeleke TAKUKURU, ambao hupokea habari kwa simu 113 bila malipo. Habari za mtoto zaweza kupelekwa kwa simu 116. Akifukuzwa kazi kwa sababu alikataa, apeleke shauri lake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita.

Kama ametendewa kwa nguvu, afike hospitali upesi, kabla ya kuoga na kufua nguo zake. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yafaa ikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa ipitayo hupunguza faida yake.

6. Mwenye shamba na wazee wafanyeje?

Twamwona Boazi katika kitabu cha Ruthu. Ruthu alikuwa mjane, mgeni, maskini, aokotaye masazo shambani mwa mtu asiyemjua. Boazi hakungoja mpaka kilio kisikiwe. Aliwaagiza vijana wake mapema wasimguse, wala wasimwaibishe, tena akamwonyesha mahali pa kunywa maji. Yaani aliutumia uwezo wake kwanza juu ya watu wake mwenyewe. Mfano huo watosha kwa kila mwenye shamba, na kila chama cha msingi cha ushirika.

Basi mwenye kazi na awaagize watu wake siku ya kwanza ya msimu, mbele ya wote, na kutaja adhabu yake. Na ayafanye haya pia: fedha zilipwe hadharani, mbele ya shahidi. Mtu mmoja asiwe mwandikaji, mlipaji na mwamuzi pamoja. Msichana asitumwe peke yake kulinda moto wa bani usiku. Nao wafanya kazi wajue mtu mwingine wa kumwendea, ikiwa mshitakiwa ni msimamizi mwenyewe.

Nanyi wazee, twawasihi jambo moja. Desturi ya kuyamaliza nyumbani, kwa mbuzi au kwa fedha ipokewayo na baba, humlipa baba, na humwacha binti na jeraha lake. Tena yule mkosaji hujifunza bei, na kesho hurudi na mbuzi mwingine. Nasi wa ushirika wa kanisa tusijitoe katika neno hili. Mwinjilisti, mwalimu wa kwaya na mzee wa usharika, nao hushika posho ya namna yao, yaani heshima ya watu. Akishitakiwa mmoja wetu, tusimfiche kwa ajili ya jina la kanisa.

Je, hakuna asingiziwaye? Yuko. Yusufu yule yule alisingiziwa, akafungwa bila shauri lake kuulizwa vema. Ndiyo maana twataka kila shitaka liulizwe kwa haki, pande zote mbili zisikiwe, na mashahidi waitwe. Habari zisiposikiwa kabisa, asiye na hatia hapati kusafishwa, wala mwenye hatia hakomi.

Maswali ya kuongea katika mikutano ya wanawake, ya wanaume, na ya vijana:

1. Katika kazi zetu hapa, nani hushika posho? Nani humwangalia yeye?
2. Sheria tatu za utani ni zipi? Ni maneno gani tuliyokuwa tukiyaita utani, nayo hayazifuati?
3. Binti wa jirani akija kwetu leo jioni na habari ya namna hii, tutamwuliza nini kwanza: alivaa nini, au ameumia wapi?
4. Kabla msimu haujaanza, nani atakwenda kwa wenye mashamba kuwaomba watoe agizo lile la Boazi?

Swali la nne lijibiwe kwa jina la mtu, na jina hilo liandikwe.