Mganga Aliyerudi

Mwaka 1961 mganga Paul Carlson, Mprotestanti wa Marekani, alikuja Kongo kwa miezi michache tu kuwatibu wagonjwa. Muda ulipokwisha, akarudi kwao. Lakini wagonjwa aliowaacha hawakumtoka moyoni. Mwaka 1963 akahamia Wasolo, katika nchi ya Ubangi, pamoja na mke na watoto wake. Tarehe 24 Novemba 1964 aliuawa kwa risasi Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo.

Fundisho. Safari fupi ya huruma ni njema. Lakini mgeni akiisha kuondoka, nani ataosha kidonda kesho? Msamaria mwema alimkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa, tena akaahidi kurudi.

Swali. Ni mgonjwa gani mtaani mwenu aliyetembelewa mara moja tu?