MSHAHARA MDOGO NA CHUMO LA PILI

  

Ndugu Waislamu, amenijia mtu baada ya sala ya Isha, naye ni mlinzi wa ghala. Mshahara wake haufiki tarehe ishirini, na deni la dukani halimwishi. Basi mchana huendesha pikipiki ya abiria, na usiku akifika langoni hulala. Akaniuliza: "Sheikh, pesa za pikipiki ni halali?" Nikamwambia: "Za pikipiki hazina neno. Mimi nakuhofia zile za mshahara."

Jueni ya kwamba kutafuta chumo la pili si aibu wala si tamaa. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu, akaanza kwa kuuza samli na maziwa yaliyokaushwa. Leo twaona kijana ana deni shingoni, naye aona haya kubeba kapu la samaki mtaani kwao!

Lakini ujira katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii hupimwa kwa muda au kwa kazi. Fundi akiambiwa, "Nishonee kanzu hii kwa kiasi fulani," alichouza ni ushonaji wa kanzu. Akichanganya na ya mwingine ni shauri lake, maadamu ataitimiza kama walivyoagana. Ama mlinzi, karani na mtumishi wa duka, hao wameuza muda, na saa zile zina mwenyewe. Wanavyuoni wametoa humo nyakati za kujitwahirisha na za sala za faradhi pamoja na sunna zake, na mshahara haupunguki kwazo. Hawakutoa wakati wa kuuza manukato kwa simu.

Wako wasemao: "Yeye anilipa kidogo, nami nampa kidogo." Hii si hoja. Ujira mlioagana, ukiwa wajulikana na nyote mmeridhika, ndio haki yako. Ukiona haukutoshi, omba uongezwe, au uondoke muda ukiisha. Na tajiri asifurahi kwa maneno haya: akipatana na mtu kwa ujira usiojulikana, mapatano hayo ni batili, na yampasa amlipe ujira wa mfano wake, yaani wanaolipwa watu kwa kazi kama ile.

Seyyidna Abubakar (R.A.) alikuwa mfanyi biashara ya nguo. Aliposhika ukhalifa mwaka wa 11 Hijria (632), alitoka na nguo zake kwenda sokoni kama desturi yake. Masahaba wakaona ya kuwa muda wake sasa ni wa Waislamu, wakamkadiria posho katika Baitulmali. Hawakumwambia auze nguo kwa siri baina ya hukumu na hukumu.

Nami sijisafishi. Ada ya chuoni ni ndogo, na kwa miaka mingi nimeshona kofia. Zamani nilikuwa nikishona huku watoto wakinisomea, hata siku moja mzazi akanisomea kosa alilojifunza mwanawe mbele yangu, nami sikulisikia kwa kuhesabu vitobo. Tangu siku hiyo sindano haiingii chuoni.

Yule mlinzi akauliza: "Nikimweleza tajiri akanifukuza, watoto watakula nini?" Khofu yake ni ya kweli. Nikamwambia, si lazima ujifedhehi. Kadiri kwa dhana yako yenye nguvu ni usiku ngapi hukulinda, umrudishie ujira wake kidogo kidogo, hata kwa mkono wa mtu mwingine. Na pikipiki usiiache, ila ulale asubuhi, uiendeshe tangu Adhuhuri hata Magharibi. Akasema pato litapungua. Nikamwambia ndiyo, litapungua.

Wallahu aalam.